Kula Kiapo na Kuweka Dhamana: Deni la Maafisa wa Kaunti kwa Wakazi wa Thika na Ruiru

Mtu anayetafuta chumba cha kupanga mjini Ruiru hakabidhiwi ufunguo kwa sababu ameahidi kuwa mpangaji mwema. Aghalabu hulipa kodi ya mwezi wa kwanza, na juu yake huweka kodi ya mwezi mwingine kama amana. Akivunja mlango, au akihama usiku bila kulipa, mwenye nyumba anayo ya kujifidia. Mwalimu wa Thika anayeomba mkopo katika chama chake cha akiba na mikopo naye haulizwi tu iwapo ni mwaminifu. Huulizwa wadhamini wake ni akina nani, na wadhamini hao hutia sahihi wakijua kwamba mwenzao akishindwa kulipa, akiba zao ndizo zitakazokatwa. Mkandarasi anayetaka kutengeneza barabara ya kaunti hana nafuu pia. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inaruhusu adaiwe dhamana ya zabuni isiyozidi asilimia 2 ya thamani yake, na akishinda, aweke dhamana ya utekelezaji isiyozidi asilimia 10 ya thamani ya kandarasi.

Katika msururu huu wote, yuko mtu mmoja anayeingia mikono mitupu. Huyu ni afisa wa kaunti: gavana, waziri wake, na afisa mkuu wa idara anayetia sahihi ili fedha zitoke. Anayekabidhiwa ufunguo wa chumba kimoja huweka amana. Anayekabidhiwa ufunguo wa hazina ya watu zaidi ya milioni mbili huinua mkono wa kulia, akatamka maneno, akapigiwa makofi. Makala haya yanatetea kauli moja: kwamba kiapo cha afisa wa kaunti, kama kinavyoliwa leo, ni kiapo kilichopokonywa nusu yake, na kwamba nusu hiyo iliyopotea inafaa irejeshwe kwa njia ya dhamana.

Sheria ya nchi haijapuuza kiapo. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 inasema katika Kifungu cha 74 kwamba hakuna mtu atakayeshika ofisi ya taifa kabla ya kula kiapo au kutoa ahadi rasmi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inafuata nyayo hizo kwa ngazi ya kaunti. Mnamo 2019 ilipitishwa hata sheria mahususi kuhusu namna gavana anavyoingia ofisini, na kiapo chake huliwa hadharani mbele ya jaji wa Mahakama Kuu. Ndivyo magavana wengi walivyoapishwa tarehe 25 Agosti 2022. Kwa upande wa maneno na sherehe, basi, hakuna upungufu. Upungufu uko katika swali ambalo kiapo chenyewe hakilijibu: mwapaji akivunja neno lake, anapoteza nini?

Wapenzi wa Kiswahili hawahitaji kwenda mbali kulitafuta jibu. Lugha yenyewe inalo. Kitenzi apa kimezaa nomino kiapo, lakini kimezaa pia kitenzi apiza na nomino apizo. Anayeapa na anayeapiza wametoka katika shina moja, na hilo si jambo la sadfa. Kiapo katika asili yake ni apizo ambalo mtu hujielekezea mwenyewe kwa sharti: nikidanganya, na linipate kadha wa kadha. Ukiondoa lile sharti la mwisho, kinachosalia ni tangazo la nia njema. Kiapo cha ofisi cha siku hizi kimehifadhi sehemu ya kwanza, yaani ahadi ya kutumikia bila woga wala upendeleo, na kimeitupa ya pili. Mwishoni mwapaji husema, “Ewe Mwenyezi Mungu nisaidie.” Anaomba msaada, hataji adhabu.

Lipo jambo jingine. Waswahili hawasemi kwamba mtu hutoa kiapo tu. Husema hula kiapo, hula yamini. Neno yamini lilitoka Uarabuni likiwa na maana mbili, kiapo na mkono wa kulia, na mkono huo wa kulia, kama jina lake linavyodokeza, ndio mkono ambao mtu hulia chakula. Kitu kilicholiwa hukaa tumboni. Hakitemeki kwa urahisi, na kikiwa sumu humdhuru aliyekila wala si jirani yake. Lakini kitenzi hiki hiki kula kimetumika pia kwa rushwa, kwa fedha za umma na kwa hasara. Watu hula rushwa. Watu hula hasara. Mkazi wa Kiandutu au wa Githurai anapolalamika kwamba viongozi “wamekula,” hana haja ya kutaja kilicholiwa. Swali la kisiasa linalofichwa na sarufi hii ni la wazi: afisa akila kiapo kisha akala mali, nani atakayekula hasara?

Jamii za Afrika Mashariki zililijibu swali hilo zamani, kila moja kwa namna yake. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, alieleza ngazi za viapo vya Waagikuyu, kuanzia muma hadi thenge na githathi. Katika kiapo cha thenge, beberu huvunjwavunjwa mifupa huku mwapaji akitamka kwamba naye avunjike vivyo hivyo ikiwa anasema uongo. Miongoni mwa Wamijikenda, viraho vilikuwa na nguvu za namna hiyo, na mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwaunganisha Wagiriama dhidi ya Waingereza kwa viapo vilivyoliwa Kaya Fungo, wanawake wakila mukushekushe na wanaume wakila fisi. Katika miji ya pwani, ambako Uislamu umelea mila na sheria, yamini iliyovunjwa ina kafara inayojulikana: kulisha maskini 10, au kuwavika, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeyaweza hayo hufunga siku 3. Tofauti za mila hizi ni nyingi, lakini zinakutana mahali pamoja. Kote humo, kiapo kilikuwa na bei, na bei hiyo ilijulikana kabla ya mtu kufungua kinywa.

Je, dawa ni kuwarudisha maafisa kwenye beberu na mawe? Hasha. Wakazi wa sehemu za Thika wana sababu ya pekee ya kuhofia njia hiyo. Gatundu haiko mbali nao, na Gatundu ndiko watu walikosombwa kwa malori na mabasi mwaka 1969, baada ya kuuawa kwa Tom Mboya mwezi Julai, kwenda “kunywa chai.” Chai hiyo ilikuwa kiapo. Haikumfunga kiongozi kwa raia. Ilimfunga raia kwa kiongozi, na ilifunga kabila moja dhidi ya mengine. Wengine walikula kiapo hicho kwa kuogopa kipigo. Tukio hilo linafundisha kwamba apizo, likitegemea hofu, huishia mikononi mwa mwenye nguvu. Kwa hivyo taifa lilifanya vyema kuyaondoa mapizo ya damu katika ofisi za umma. Kosa ni kwamba halikuweka kitu kingine mahali pake.

Athari za pengo hilo zimeonekana Kiambu kwenyewe. Katika mwaka wa fedha wa 2017/2018 kaunti hiyo ilitoa zabuni ya takriban shilingi milioni 588 kwa ajili ya kuboresha barabara za changarawe hadi kiwango cha lami katika kaunti ndogo za Thika, Limuru, Gatundu Kaskazini, Juja na Ruiru. Gavana wa wakati huo alikuwa Ferdinand Waititu. Mnamo Julai 2019 alifikishwa mahakamani kuhusiana na zabuni hiyo. Bunge la Kaunti lilipiga kura ya kumwondoa ofisini Desemba 2019, na Seneti ikaidhinisha uamuzi huo tarehe 29 Januari 2020. Kesi ya jinai iliendelea. Mnamo Februari 2025 Mahakama ya Kupambana na Ufisadi jijini Nairobi ilimpata na hatia katika mashtaka yaliyojumuisha mgongano wa maslahi, ikamhukumu kulipa faini ya shilingi milioni 53.5 au kutumikia kifungo cha miaka 12. Alikata rufaa.

Makala haya hayakusudii kuamua rufaa ya mtu. Hiyo ni kazi ya majaji. Kinachofaa kutazamwa ni mfuatano wa matukio. Kampuni iliyoshinda zabuni ya aina hiyo ingeweza kutakiwa na sheria iweke dhamana ya hadi asilimia 10, yaani kama shilingi milioni 58.8, kabla ya kutia sahihi mkataba. Maafisa waliosimamia zabuni hiyo walikuwa wameweka nini kabla ya kuingia ofisini? Walikuwa wameweka maneno. Kutoka siku ya mashtaka hadi siku ya hukumu ilipita miaka mitano na zaidi. Watoto walioanza darasa la kwanza Ruiru mwaka 2019 walikuwa wamekwisha kuvuka darasa la sita hukumu iliposomwa, wakikanyaga vumbi la Januari na matope ya Aprili katika njia za mitaa yao. Faini, ikilipwa, huenda kwa serikali. Mkazi aliyekosa barabara hana fungu analoweza kulinyoshea kidole akasema, hili liliwekwa kwa ajili yangu.

Hapa ndipo historia ya neno dhamana inapokuwa na mafunzo. Nchini Tanzania msomaji wa magazeti hukutana mara kwa mara na “waziri mwenye dhamana ya elimu” au “waziri mwenye dhamana ya maji.” Maana yake ni waziri aliyekabidhiwa wizara hiyo. Cheo na dhamana vimeshonwa pamoja, na anayeshika ofisi huwa ameshika kitu cha watu. Msimamizi wa fedha za wizara huko na Zanzibar huitwa afisa masuuli, yaani mwenye kuulizwa. Nchini Kenya, neno dhamana limehamia mahakamani. Msomaji wa magazeti hukutana nalo pale mshukiwa “anapoachiliwa kwa dhamana.” Waititu mwenyewe aliachiliwa mwaka 2019 kwa dhamana ya shilingi milioni 15. Kwa hiyo fedha za dhamana zilipatikana, na zilipatikana upesi. Lakini zilitolewa mlangoni pa kutokea korokoroni, ili zimhakikishie hakimu kwamba mshtakiwa atarudi. Hazikuwahi kudaiwa mlangoni pa kuingilia ofisini, ili zimhakikishie mkazi wa Ruiru kwamba barabara itajengwa. Taifa linalojua kumdai mtu dhamana akishashukiwa haliwezi kudai kwamba halijui kumdai kabla ya kumwamini.

Itasemwa kwamba Katiba imekwisha kulitatua jambo hili. Ni kweli kwamba Kifungu cha 226(5) kinasema afisa yeyote wa umma, awe wa kisiasa au la, akielekeza au akiidhinisha fedha za umma zitumike kinyume cha sheria, atabeba hasara hiyo na kuifidia, hata kama ameshaondoka ofisini. Hakuna lugha iliyo wazi kuliko hiyo. Katiba imekwisha kuamua nani atakayekula hasara. Lakini deni lisilo na rehani ni rahisi kulitaja na vigumu kulidai. Siku ya kulipa inapofika, mdaiwa huwa ameshahamisha mali, au amefilisika, au amefariki, au ana mawakili wa kutosha kuiahirisha siku hiyo mwaka baada ya mwaka. Afisa wa chini aliyechukua masurufu ya safari hutakiwa kuyatolea hesabu ndani ya siku 7 za kazi baada ya kurejea kituoni, na asipofanya hivyo mshahara wake hukatwa. Kanuni ni kali kwa aliyechukua elfu kumi. Kwa aliyeidhinisha mamilioni, kanuni ni ndefu.

Dhamana ya ofisi si ndoto wala uzushi. Katika majimbo mengi ya Marekani, sherifu, mweka hazina na maafisa wengine wa kaunti hawaanzi kazi hadi wale kiapo na wawasilishe hati ya dhamana. Hati hizo mbili huwekwa katika kumbukumbu za umma, na anayeshindwa kuileta ya pili kwa muda uliowekwa anaweza kukipoteza kiti chake hata kama alishinda uchaguzi. Kwa kawaida mdhamini ni kampuni ya bima. Afisa akisababisha hasara kwa udanganyifu au kwa kukiuka wajibu wake, mdhamini hulipa kwanza, kisha humgeukia afisa amrudishie. Utaratibu huo una kasoro zake. Mara nyingi viwango vya dhamana ni vidogo vikilinganishwa na fedha zinazosimamiwa, na ada ya mdhamini hulipwa na kaunti yenyewe, hivi kwamba raia hujidhamini dhidi ya mtumishi wake. Lakini kasoro hizo zinafundisha namna ya kufanya vizuri zaidi, hazifundishi kuacha.

Wala Kenya haihitaji kuagiza ujuzi huo kutoka ng'ambo. Kampuni za bima nchini zimekuwa zikiuza bima ya uaminifu kwa waajiri wanaoogopa kuibiwa na makarani na washika fedha wao. Mwenye duka la jumla mjini Thika anaweza kujikinga dhidi ya mfanyakazi mmoja anayehesabu mauzo ya siku. Ni vigumu kueleza kwa nini kinga ya namna hiyo iwe ya lazima kwa busara ya mfanyabiashara, na isiwe ya lazima kwa sheria ya kaunti ambayo sensa ya mwaka 2019 iliikuta na watu 2,417,735, wakiwemo 490,120 wa mji wa Ruiru.

Wapo watakaopinga, na hoja zao zinastahili kusikilizwa. Ya kwanza ni kwamba dhamana itawafungia mlango maskini, na ofisi zitabaki kuwa za matajiri. Hoja hii ingekuwa na uzito kama mgombea angetakiwa kuweka kitita mkononi. Sivyo inavyopendekezwa. Anayedaiwa dhamana si mgombea bali ni mshindi au mteule. Kiwango chake hakipimwi kwa utajiri alio nao bali kwa fedha atakazosimamia, na ada ya mdhamini hukatwa kidogo kidogo katika mshahara wake, kama mwalimu wa Thika anavyokatwa mkopo wake. Kwa hakika, utaratibu wa sasa ndio unaowapendelea matajiri, kwani aliye na mali nyingi ndiye mwenye uwezo wa kuihamisha na kuificha.

Ya pili ni kwamba kampuni za bima zitakataa kuwadhamini wanasiasa. Huenda baadhi zikakataa. Lakini kukataa huko kuna maana. Ikiwa mfanyabiashara anayeishi kwa kupima hatari hayuko tayari kuhatarisha fedha zake kwa mtu fulani, mkazi wa Ruiru, ambaye hana mahali pa kununua kinga, ana haki ya kuelezwa sababu. Na kwa maafisa waadilifu, ambao ni wengi kuliko inavyosemwa mitaani, hati ya dhamana itakuwa ushahidi wa heshima yao.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi. Inasemwa kwamba dhamana itageuka kuwa leseni: afisa atakula mali akijiambia kwamba bima italipa. Hatari hii ni ya kweli, na ndiyo sababu dhamana haifai kuchukua nafasi ya mashtaka wala ya Kifungu cha 226(5). Mdhamini anayelipa leo ana kila sababu ya kumfuata afisa kesho, na hufuata kwa bidii ya mtu anayetafuta fedha zake mwenyewe. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ina kesi nyingi na watumishi wachache. Mdhamini ana kesi moja na uchungu wa mfuko. Isitoshe, kabla ya kutia sahihi, mdhamini atataka kujua mambo ambayo raia hujitahidi bure kuyajua: madeni ya afisa, kampuni zake, na jamaa zake wanaofanya biashara na kaunti. Fomu za kutangaza mali zimekuwapo tangu Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003, na Sheria ya Mgongano wa Maslahi iliyotiwa sahihi Julai 2025 imezisisitiza. Lakini anayejaza fomu hizo hujieleza mwenyewe. Mdhamini hukagua kwa sababu atakayeumia ni yeye.

Nchini Tanzania, baada ya uchaguzi wa mwaka 2015, viongozi walioteuliwa na Rais John Magufuli walitakiwa kutia sahihi ahadi ya uadilifu pamoja na kiapo. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, ahadi juu ya kiapo ni maneno juu ya maneno. Wahenga walisema ahadi ni deni, na hawakukomea hapo. Walisema pia kwamba dawa ya deni ni kulipa.

Ni lipi basi lifanyike? Bunge la Taifa na Seneti, si mabunge ya kaunti yatakayojipangia viwango yenyewe, yaifanyie marekebisho Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 ili mambo manne yawe wazi. Mosi, gavana, waziri wa fedha wa kaunti, maafisa wakuu wa idara na wakusanyaji wa mapato wasiruhusiwe kutia sahihi hati yoyote ya malipo kabla ya dhamana kuwasilishwa. Pili, ada ilipwe na afisa, isilipwe na kaunti. Tatu, kianzio cha madai kiwe ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambayo Katiba inataka itolewe ndani ya miezi sita baada ya kila mwaka wa fedha, ili mkazi asingoje miaka sita ya kesi. Mdhamini akiipinga ripoti hiyo, na aende yeye mahakamani. Nne, fedha zinazolipwa zirudi katika mradi uliopata hasara. Ikiwa hasara ilitokea katika barabara ya Ruiru, zirudi katika barabara hiyo ya Ruiru.

Jambo moja zaidi linawahusu moja kwa moja wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Hati ya dhamana iliyoandikwa kwa Kiingereza cha mawakili na kufungiwa kabatini haitamsaidia mama anayeuza mboga katika soko la Jamhuri mjini Thika. Hati hiyo inafaa iandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka, ibandikwe katika ofisi za kaunti ndogo, na kiwango chake kitajwe kwa sauti siku ile ile ya kiapo, mbele ya wale watakaokula hasara ikiwa kiapo kitavunjwa. Wataalamu wa lugha wanaombwa mara nyingi watafsiri katiba na sera zikishaandikwa. Hapa wana nafasi ya kutangulia. Msamiati wote uko tayari na umekomaa: kiapo, yamini, amana, dhamana, mdhamini, rehani, kafara. Ni msamiati wa jamii iliyojua tangu jadi kwamba neno la mtu hupimwa kwa kile alicho tayari kukipoteza.

Uchaguzi mkuu ujao umepangwa kufanyika Agosti 2027. Baada yake mkono wa kulia utainuliwa tena Kiambu na katika kaunti nyingine 46, na makofi yatapigwa. Mpangaji wa Ruiru atakayekuwa uwanjani siku hiyo atakuwa amekwisha kulipa amana ya chumba chake, na mwalimu wa Thika atakuwa amewadhamini wenzake wawili au watatu. Ni haki yao kumwuliza anayeapa swali wanaloulizwa wao kila siku: umeweka nini?